Mtoto ana miezi 15 anasota tu, hatembei. Mama mkwe anasema tumembemenda

Mama Viraka (mleta uzi) · Jumanne, saa 3 usiku

Wanajamvi, habari za usiku. Naandika nikiwa jikoni, mlango nimeurudishia, kwa sababu nikishika simu sebuleni naulizwa nachati na nani.

Mwanangu wa kiume ametimiza miezi 15 wiki iliyopita. Hatembei. Kutambaa kwa magoti hakuwahi, yeye anasota. Anakaa kitako, mguu mmoja kaukunja, mwingine anaupiga kama kasia, mkono unasukuma sakafu, basi huyo anakwenda kama mtumbwi. Na msidhani anakwenda polepole. Juzi nimegeuka kuchukua chumvi tu, nikamkuta kashafika kwenye ndoo ya maji ya kudekia, kashachovya mkono. Kaptula zake zote zimetoboka makalioni, sasa hivi namshonea viraka vya jinzi.

Dada yake alitembea na miezi kumi, kwa hiyo kila anayeingia hapa ndani swali lake ni hilo hilo. Nikimshika makwapani nimsimamishe, badala ya kukanyaga chini anakunja miguu juu, unaona kabisa kama kakaa kwenye kiti ambacho sisi wengine hatukioni. Watu wanacheka. Nami nacheka nao, usiku nalia.

Mama mkwe kaja Jumapili kutoka Singida. Hata maji hajanywa. Kamwangalia mtoto anavyosota, kaniangalia mimi, akasema, "Huyu mtoto mmembemenda." Yaani tumemdhoofisha mtoto kwa kuvunja mwiko wa kitandani. Mbele ya jirani! Mume wangu ni dereva wa lori, Dar na Tunduma, wiki mbili yupo wiki mbili hayupo. Kwa hiyo hesabu ya mama ni kwamba ama mimi nina mtu hapa mtaani, ama mwanawe ana mtu njiani, ama hatukuwa na subira baada ya arobaini. Mume alikuwa kwenye simu, akanyamaza. Kimya kile ndicho kilichoniuma.

Sasa mama anataka Jumamosi apande basi na mtoto akachanjwe magoti kijijini.

Ya mtoto mengine ni haya: kazaliwa kawaida, miezi yake ilitimia, kilo 3.1, alilia pale pale. Sasa ana kilo 9.8, mstari wa kwenye kadi haujawahi kushuka. Bado ananyonya, anakula. Anasema mama, "mai" akitaka maji, "taa", na paka anamwita "nyau". Anapunga mkono. Kliniki niliuliza kuhusu kutembea, nikaambiwa "mpe uji wa lishe", ikaitwa namba inayofuata.

Mwenye kujua anisaidie. Naomba msinitukane, nimeshatukanwa vya kutosha wiki hii.

Mzee wa Kijiweni

Naweka kambi hapa nisubiri wajuvi. Ila dereva wa Tunduma… haya, nimenyamaza.

Chumvi ya Mawe

Hujanyamaza, umeshasema. Mtu kaomba asitukanwe, komenti ya kwanza tu ndiyo hiyo. Wanaume wa jamvi hili mna shida.

Bibi wa Ngamiani

Mwanangu, pole. Mimi nipo Tanga, nimezaa saba, wajukuu nimeacha kuhesabu. Simu hii wamenipa wao.

Nikuambie jambo. Mwaka 1978 vita vya Kagera vilipoanza mume wangu alichukuliwa. Nilikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na miezi, hatembei. Wifi zangu wakasema nimembemenda. Mume yupo vitani, nami natwanga, nachota maji, nalala na mama mkwe chumba kimoja! Nilibemenda na nani, na kinu?

Sisemi kubemenda hakupo, wazee wetu hawakuwa wajinga. Lakini nimeona neno hilo linavyotumika. Mtoto akiharisha, kabemendwa. Akichelewa meno, kabemendwa. Na anayenyooshewa kidole siku zote ni yule anayenyonyesha.

Mimi wangu nilikuwa nampeleka Raskazone jioni maji yakipwa, namfukia miguu mchangani mpaka magotini, namwimbia "simama dede, dede, dede". Akisimama namwachia kidogo. Kwenda tata alikwenda siku aliyotaka mwenyewe, mimi sipo, namuuzia mtu nazi. Leo ana nyumba Handeni na kisukari.

Magoti usimchanje.

Mwana wa Kilifi

Shikamoo bibi. Huku kwetu Wagiriama jambo hilo laitwa chirwa. Ni lile lile: mtoto akikonda, nywele zikibadilika rangi, wazazi wanaulizwa nani katoka nje ya ndoa. Nimekulia kwenye maneno hayo. Kuna jirani yetu alipewa dawa ya chirwa miezi minne, na mtoto miguu imevimba. Kufika hospitali ni utapiamlo mkali. Alipona kwa maziwa ya hospitali, na mamake hajawahi kuombwa radhi na mtu hadi leo.

Mleta uzi, wako hajakonda ukisema ana kilo karibu kumi. Hilo shikilia.

Baba Tunu

Nilikuwa napita tu, nikaona "mkono unasukuma sakafu".

Dada, anasukuma kwa mkono upi? Siku zote ule ule mmoja, au anabadilisha? Naomba unijibu hilo kabla hujasoma komenti nyingine yoyote.

Nauliza kwa sababu yangu yalianzia hapo. Binti yetu akiwa na miezi minane alikuwa anachukua kila kitu kwa mkono wa kushoto. Tukafurahi, tukasema huyu ni wa mashoto kama babu yake. Mkono wa kulia kaukunja ngumi, dole gumba limo ndani ya ngumi. Ukimvalisha gauni mkono ule mpaka uuvute. Hakuna aliyetuambia kwamba mtoto wa umri ule hatakiwi kuchagua mkono bado. Alivyofika mwaka na nusu hatembei, bibi yake akasema ni hayo hayo ya kubemenda, tukazunguka kwa watu watatu. Mmoja alitaka mbuzi mweusi, tukatoa. Tumepoteza mwaka mzima.

Ni mtindio wa ubongo, upande mmoja. Alichelewa kulia alipozaliwa, na sisi tulidhani yale yalishapita. Alianza mazoezi ya viungo akiwa na miaka miwili na miezi saba, akatembea alipokaribia minne, na kiatu maalumu mguu wa kulia. Sasa yupo darasa la pili, anajua kuniibia simu.

Kwa hiyo wanaokuja kukwambia "usijali, atatembea tu" wasamehe, lakini usiwasikilize hao peke yao.

Mama Viraka

Baba Tunu umenitetemesha, ilibidi niende nikamwangalie amelala. Anabadilisha. Leo kasukumia wa kushoto muda mrefu kwa sababu wa kulia alishika kijiko, hataki kukiachia. Akikosa kijiko anatumia wa kulia. Ngumi hakunji. Mwanao Mungu amkuze.

Baba Tunu

Amina. Basi nimepumua kidogo. Ila bado apimwe.

Nesi wa Zamu

Dada, nimesoma uzi wote. Mimi ni nesi, mwaka wa kumi na moja huu nipo kliniki ya watoto. Si daktari, na mtoto sijamshika, kwa hiyo haya ni maongezi ya jamvini.

Huyo mwenzangu aliyekujibu "uji wa lishe" akaita namba inayofuata, najua foleni ya Jumatatu ilivyo, nimekaa kwenye kile kiti. Hata hivyo alitakiwa akuambie umvue mtoto nguo na umweke chini, amwone anavyosogea. Inachukua dakika mbili.

Tuje kwenye umri. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya nzuri, likatoa matokeo mwaka 2006. Kutembea peke yake, wa mwanzo kabisa walianza na miezi 8 na kidogo, na wa mwisho walifika miezi 17 na nusu. Wote hao ni wazima. Kutambaa kwa mikono na magoti, kati ya miezi 5 na 13 na nusu, na watoto kama 4 katika kila 100 hawakutambaa hivyo kabisa, waliruka hatua. Dada yake wa miezi kumi ni mzima, na huyu wa miezi 15 kwa umri peke yake bado yumo ndani ya mstari. Kama alizaliwa njiti ungehesabu kuanzia tarehe aliyotakiwa kuzaliwa, lakini wewe umesema alitimiza.

Kilichonifanya nitabasamu ni kile kiti chako kisichoonekana. Watoto wanaosota kwa makalio wengi wao wanafanya hivyo hivyo. Ukiwanyanyua wanakunja miguu wamekaa hewani, hawapendi kukanyaga. Na hao ndio wanaochelewa kutembea kuliko wenzao, baadhi yao hadi wanakaribia miaka miwili. Akili yao iko sawa, misuli iko sawa, wao wamepata usafiri mwingine na unawatosha. Mwenye baiskeli nzuri hana haraka ya kununua gari.

Ila sikupi ruhusa ya kukaa nyumbani. Maneno ya Baba Tunu yabandike ukutani. Kesho asubuhi, mtoto akiwa ameshiba na pampasi umetoa, fanya hivi. Weka kile kijiko chake juu ya kochi uone kama anajivuta kusimama. Akisimama kwa kushikilia, visigino vinagusa chini au anasimamia vidole tu siku zote? Mlaze chali, kunja magoti yote mawili nyayo zikiwa chini, tazama kama goti moja liko chini kuliko lingine. Tanua mapaja taratibu, moja lisiwe gumu kufunguka kuliko mwenzake, maana nyonga iliyoteguka tangu kuzaliwa huwa haiumi na inafichika hivi hivi. Angalia vifundo vya mikono kama vimepanuka. Hiyo ni dalili ya matege, nayo tunaiona sana kwa watoto wanaoshinda ndani ghorofani bila jua. Mnyanyue pia: analegea kama nguo mbichi, au anakakamaa?

La kukukimbiza hospitali siku hiyo hiyo ni mtoto kupoteza alichokuwa anakiweza. Alikuwa anakaa, sasa anaanguka. Alikuwa anasema, kanyamaza. Hapo usisubiri mtu.

Ukikuta kila kitu sawa, bado mpeleke aonwe na daktari wa watoto, apimwe na damu. Kwa walio Dar, hospitali ya CCBRT pale Msasani wana wataalamu wa mazoezi ya viungo kwa watoto. Na akifika miezi 18, siku ya chanjo ya pili ya surua na rubela, kama hajapiga hatua usitoke pale bila rufaa. Matone ya vitamini A kila miezi sita na dawa ya minyoo usiache, kadi yako ikague.

Swali moja la mwisho, na hili muulize mama mkwe kwa adabu, akiwa ameshakula. Baba wa mtoto alitembea na miezi mingapi, na kabla ya kutembea alikuwa anaendaje? Kusota kunatembea kwenye koo za watu.

Mtu wa Haki

Hizo takwimu ni za watoto wa Kizungu, wanaolelewa kwenye mazulia. Mtoto wa Kiafrika anatembea mapema, acheni kumdanganya dada wa watu.

Ukhti wa Maskati

Mtu wa Haki, watoto waliopimwa kwenye huo mwendo walitoka nchi tano: Ghana, India, Norway, Marekani na hii Oman ninayokaa. Nalijua kwa sababu watu wa afya hapa wanajivunia. Ghana ni Ulaya ya wapi?

Mtu wa Haki

Sikujua kuhusu Ghana. Ila Norway wana mazulia.

Mwalimu Mstaafu

Nami niseme kidogo juu ya hili neno lenyewe, maana vijana wanalicheka na wazee wanaliabudu.

Wazee waliona jambo la kweli. Zamani hakukuwa na uzazi wa mpango. Mama akipata mimba mtoto hajafika mwaka, anaachishwa ziwa ghafla, anapewa uji mweupe, anadhoofu, anavimba, anaacha kusimama. Wakaweka mwiko kitandani ili watoto wapishane. Mwiko ule ulilinda wengi. Hata hilo neno kwashakoo, ambalo madaktari walilichukua miaka ya 1930 huko Ghana, ni la Kiga, lugha ya watu wa Accra, na maana yake ni ugonjwa wa mtoto mkubwa mdogo wake anapozaliwa. Waga waliona kile kile tulichokiona sisi, wakakiita kwa jina la mtoto. Sisi tukakiita kwa jina la kosa la wazazi wake.

Mleta uzi hana mimba, mtoto ananyonya, kilo zimepanda. Hata kwa sheria ya wazee wenyewe kesi hii haina ushahidi.

Chumvi ya Mawe

Mwalimu umeua.

Mama Pacha

Kuhusu uji wa lishe, nami nina dukuduku. Hizi unga za nafaka kumi na mbili zinazouzwa mitaani, ulezi, mahindi, mchele, ngano, soya, karanga, korosho, mbegu za maboga, sijui nini, vyote vimesagwa pamoja na vimekaa kwenye mfuko miezi miwili. Wataalamu wa lishe wamesema mpaka wamechoka: saga nafaka yako moja au mbili, karanga weka wakati wa kupika. Karanga na mahindi yakipata unyevu yanaota sumukuvu. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu 68 waliugua na 20 wakafa kwa sababu hiyo. Mtoto wa mwaka mmoja anaweza kula chakula cha nyumbani, kisage au kiponde, mara tatu nne kwa siku na kitu cha katikati. Yai, dagaa, parachichi. Karanga nzima usimpe, atapaliwa.

Dada wa Goba

Mnunulie woka jamani, ile ya magurudumu anakaa katikati. Wangu aliipenda.

Nesi wa Zamu

Dada wa Goba, naomba tusiende huko. Kile kigari hakimfundishi kutembea, kinamfundisha kuning'inia na kusukuma kwa vidole. Na kwenye nyumba zetu zenye jiko chini na ngazi mlangoni, nimepokea walioungua na walioanguka. Kanada waliipiga marufuku kuiuza mwaka 2004, hata iliyotumika.

Mtoto anayehitaji kukanyaga, mpe kitu cha kusukuma kwa nyuma, yeye amesimama mwenyewe. Ndoo tupu ya rangi, tia nguo ndani iwe nzito kiasi isimkimbie. Kiti cha plastiki nacho kinafaa. Aende peku ndani, viatu vya nini? Na televisheni izimwe. Chini ya miaka miwili haina kazi naye. Kama kuna dada wa kazi, mwambie amshushe mgongoni. Mtoto wa umri huu anatakiwa ajongee kama saa tatu kwa siku, akijumlisha vipande vipande.

Fundi Mbao Tabata

Ndoo ya rangi iko poa. Mimi nilimtengenezea wangu kigari cha kusukuma, vipande vya mkongo vilivyobaki kazini. Siuzi, nasema tu.

Mama Viraka · Ijumaa, saa 5 usiku

Nimerudi. Kaeni vizuri.

Jumatano nilifanya vile vipimo vya Nesi vya nyumbani. Kijiko juu ya kochi: alikitazama kama dakika mbili, akaniita, sikwenda. Akashika kitambaa cha kochi, akajivuta, magoti yakatetemeka, akasimama! Visigino chini. Alipopata kijiko akakaa kitako puu, akaondoka nacho. Kumbe anaweza, sema hana sababu. Nyonga ziko sawa.

Jana nikampeleka hospitali, nimelipia daktari wa watoto. Akamvua, akamweka sakafuni kweli, akamtazama anavyosota, akaita mwenzake aje aone. Miguu mizima, nyonga nzima, haoni tatizo la ubongo. Ila damu ni 9.4, imepungua. Akaniuliza mtoto anakunywa nini asubuhi. Nikasema chai. Ya rangi, na mkate, na mchana baada ya kula anapewa tena na dada wa kazi. Akasema chai inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Kaandikiwa dawa ya damu ya maji ya miezi mitatu, kaambiwa maini, dagaa, maharage na chungwa juu yake, chai basi. Nilijisikia vibaya sana, kwa sababu chai namtilia mimi mwenyewe, kwa mkono huu.

Sasa usiku. Mama mkwe kala ubwabwa na samaki, karidhika. Nikauliza kwa adabu, kama Nesi alivyosema. Mama, hivi baba yake huyu alitembea na miezi mingapi? Akajibu bila kufikiri, "Tisa. Alikuwa kama mtoto wa mbuzi."

Nikaona basi, yameisha. Mume akapiga akiwa Makambako, nikaweka sauti kubwa, nikamwuliza na yeye. Akasema hajui, ngoja amwunganishe shangazi yake mkubwa, yule wa Manyoni. Shangazi ni mtu wa sauti.

"Miezi tisa? Nani? Huyo? Huyo alisota mpaka mavuno ya pili! Tulikuwa tunamwita Mtumbwi. Mama yake alimshonea kiraka cha gunia matakoni, kaptula zilikuwa haziwezi kukaa."

Jamani. Kiraka. Nilikuwa nimeshika kaptula ya jinzi mkononi wakati huo huo.

Mama mkwe akasema, "Alikuwa mzito tu." Akanyanyuka kwenda kukagua kama mlango umefungwa. Ulikuwa umefungwa. Mume huko Makambako alicheka mpaka nikasikia kaegesha gari. Baadaye akapiga tena, mimi peke yangu, akasema kule kunyamaza kwake Jumapili alikosea. Nikamwambia aongee na mama yake, si mimi.

Kuhusu Jumamosi, mama kasema basi litakuwa limejaa. Sikuona akimpigia mtu yeyote kuuliza.

Chumvi ya Mawe

MTUMBWI!! Nimecheka mpaka mtoto wangu kaamka.

Mwana wa Kilifi

"Alikuwa mzito tu." Mawakili wajifunze hapo.

Bibi wa Ngamiani

Msimcheke mama mkwe. Alisahau. Miaka thelathini mtu anasahau uchungu wote, anakumbuka mazuri. Hata mimi wangu nikiulizwa nasema miezi tisa.

Baba Tunu

Afadhali, dada. Kweli nimefurahi. Dawa ya damu umalizie yote mitatu hata akichangamka.

Mtu wa Haki

Na chai ya maziwa je?

Nesi wa Zamu

Ni chai bado, mkuu. Mpe maziwa yenyewe.

Mama Viraka · wiki tisa baadaye

Nafufua uzi wangu, samahani kwa walionipa namba ya mganga kule inbox, sijawajibu.

Ndoo ya rangi tuliijaza magauni yangu ya zamani. Wiki ya kwanza aliipiga ngoma. Ya pili alikuwa anaisotea pembeni. Ya tatu akasimama, akaishika kwa juu, akaisukuma mpaka ikagonga friji, akalia kwa sababu hajui kugeuza. Mama mkwe, ambaye aliongeza siku mpaka zikawa mwezi, akawa ndiye mgeuzaji. Ameketi kwenye mkeka, ndoo ikigonga anaigeuza, inakwenda ukuta wa pili, anaifuata na kuigeuza. Siku anaondoka aliacha kaptula mbili amezitia viraka yeye, vya kitenge, vizuri kuliko vyangu.

Damu imepanda, 10.9.

Jana, miezi 17 na wiki kama mbili. Mume kafika kutoka Tunduma saa kumi na moja jioni, kasimama mlangoni, hajavua hata viatu. Mtoto alikuwa na ndoo yake katikati ya sebule. Akamwona baba yake. Akaachia. Nimehesabu hatua nne na nusu, ile nusu alikuwa anaanguka lakini kwa mbele.

Ndoo bado iko pale pale katikati ya sebule. Nimeshindwa kuitoa.

Mzee wa Kijiweni

Nafuta kauli yangu kuhusu Tunduma. Hongera kwa familia.

Mama Pacha

Hongera shosti! Samahani kuchomekea, wangu ana mwaka na miezi minane, anatembea vizuri ila haongei, wanasema nimkate ulimi. Nifanyeje?

Nesi wa Zamu

Usikate kitu. Anasikia ukimwita kwa nyuma bila kukuona? Fungua uzi wako, nakuja.